Tulihesabu vimondo usiku mmoja, mbona madaftari yetu hayakubaliani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mkoani Singida. Desemba iliyopita nilikesha na wanafunzi wanne wa klabu yetu ya sayansi tukitazama mvua ya vimondo ya Jeminidi. Tulilala chali uwanjani, kila mtu na daftari lake na tochi yake. Kati ya saa nane na saa tisa usiku, aliyeona vichache aliandika 40 na aliyeona vingi aliandika 65. Wengine tukawa na 48, 52 na 58. Tukajumlisha, tukapata 263, tukaibandika namba hiyo kwenye ubao wa matangazo. Sasa mwanafunzi mmoja ananiuliza nani kati yetu alihesabu sawasawa, na jibu sina. Tuandikeje ili rekodi zetu ziwe na maana hata kwa mtu ambaye hakuwepo? Na madaftari ya Desemba tuyatupe?

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza jambo zito, na inawezekana kabisa kwamba wote watano mlihesabu sawasawa. Umakini mlikuwa nao. Shida ni kwamba daftari linasema vilionekana vimondo vingapi, lakini halisemi mbingu ilikuwaje, macho yaliyotazama yaliweza kuona nyota hafifu kiasi gani, wala ni dakika ngapi kati ya sitini zilizotumika kutazama kweli. Bila hayo, 40 na 65 hazilinganishiki. Ni sawa na watu wawili waliokinga mvua moja, huyu kwa kikombe na yule kwa beseni, kisha wakabishana nani kanyeshewa zaidi.

Tuanze na ile 263: iondoeni ubaoni. Kimondo kikali kilichopita utosini mlikiona wote, kwa hiyo kimehesabiwa mara tano. Kile hafifu kilichoonwa na mtu mmoja tu kimehesabiwa mara moja. Jumla ya namna hiyo haituambii vilipita vimondo vingapi, wala haituambii mtu mmoja anaona vingapi kwa saa. Katika kazi hii kipimo ni mtazamaji mmoja na rekodi yake. Mkiwa watano, zitoke rekodi tano, na zibaki tano hadi mwisho. Tofauti zilizopo kati yake ni taarifa pia, kwa sababu zinaonyesha mtu na mtu wanatofautiana kwa kiasi gani chini ya mbingu ileile.

Ili rekodi iwe ya mtu mmoja kweli, lazima makelele yadhibitiwe. Najua ilivyo: kimondo kinapita, mmoja anapiga kelele "Kile paleee!", wengine wanageuza shingo na kuwahi kipande cha mwisho cha mkia, halafu kila mmoja anaandika. Kimondo ambacho usingekiona bila kuambiwa si chako. Ushauri wangu ni kwamba nusu saa ya kwanza muwaachie wanafunzi washangilie watakavyo, maana kushangilia ni haki yao na macho yao yanahitaji muda huo kuzoea giza. Baada ya hapo mtangaze kuwa kazi imeanza, mlale hatua kadhaa mbalimbali, na kila mtu aseme chake kwa sauti ya chini.

Sasa tuingie kwenye kiini cha tofauti yenu. Mwangaza wa nyota na vimondo hupimwa kwa magnitudi, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo kitu kinavyokuwa hafifu. Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, ni -1.5. Nyota hafifu kabisa ambayo jicho zuri huweza kuipata mbali na taa za mji huwa karibu na 6.5. Namba hiyo ya mwisho, yaani nyota hafifu kuliko zote unayoweza wewe kuiona usiku huo, tuiite ukomo wa mtazamaji. Hubadilika kutoka mtu hadi mtu na kutoka saa hadi saa. Ukungu mwembamba unaushusha, mwezi unaushusha, taa ya bweni inaushusha, miwani yenye vumbi inaushusha.

Ukomo una nguvu kubwa kwa sababu vimondo hafifu ni vingi mno kuliko vikali. Kwa Jeminidi, kila ukishuka magnitudi moja kuelekea kwenye uhafifu, idadi huongezeka kama mara 2.6. Kwa nusu magnitudi huongezeka mara 1.6 hivi. Sasa chukua 65 ugawe kwa 40: unapata 1.6. Nusu magnitudi peke yake inatosha kuwafanya wanafunzi wako wawili, wote waaminifu na wote macho, waandike namba hizo mbili. Nusu magnitudi ni kitu kidogo sana. Mmoja kumulikwa usoni na tochi ya jirani kila baada ya dakika moja kunatosha.

Ukomo hupimwa kwa kuhesabu nyota. Shirika la Kimataifa la Vimondo, IMO, lililoanzishwa mwaka 1988, limeandaa ramani za maeneo madogo ya anga, mengi yakiwa pembetatu zenye nyota angavu kwenye pembe zake. Unachagua eneo lililo juu angani karibu na unakotazama, unahesabu nyota zote unazoziona ndani yake pamoja na zile za pembeni, kisha jedwali linakupa ukomo wako. Msiende na jedwali uwanjani. Uwanjani sema tu jina la eneo na idadi, kwa mfano "pembetatu ya Mapacha, nyota tisa" (Mapacha ni kundinyota ambako Jeminidi huonekana kutokea), halafu ukomo mtautafuta kesho yake mezani. Nasisitiza hili kwa sababu hesabu ghafi inaweza kukaguliwa upya hata baada ya miaka, lakini anayeandika "anga lilikuwa safi sana" hamwachii mtu chochote cha kukagua. Hesabuni nyota mnapoanza, mnapomaliza, kila nusu saa, na kila mnapohisi anga limebadilika. Na kila mtu ahesabu mwenyewe. Kijana wa kidato cha pili na mwalimu wake wa miaka hamsini hawana ukomo mmoja hata wakilala mkeka mmoja.

Hebu tuone inavyofanya kazi. Wanaochambua rekodi huzigeuza kuwa kiwango kiitwacho ZHR, yaani idadi ambayo mtu mmoja angeiona kwa saa kama ukomo wake ungekuwa 6.5 na kama chimbuko la vimondo, ile sehemu ya anga ambako vinaonekana kutawanyikia, lingekuwa utosini kabisa. Unachukua idadi yako kwa saa, unaizidisha kwa 2.6 iliyopandishwa kwa kipeo cha tofauti kati ya 6.5 na ukomo wako, kisha unagawa kwa sine ya kimo cha chimbuko. Kwa Singida, kati ya saa nane na saa tisa usiku wakati wa Jeminidi, chimbuko linakuwa karibu nyuzi 52 juu ya upeo wa macho, na sine yake ni 0.79. Tuseme wa 40 alikuwa na ukomo wa 5.5: 40 mara 2.6 gawa kwa 0.79, anapata karibu 132. Tuseme wa 65 alikuwa na ukomo wa 6.0: 65 mara 1.61 gawa kwa 0.79, naye anapata karibu 132. Namba za ukomo hapa nimeziweka mimi kwa mfano tu, kwani hamkuziandika. Lakini wanafunzi wako wa fizikia waifanye hesabu hii ubaoni, palepale mlipobandika 263. Wataona kwamba hesabu mbili zilizoonekana kupingana zinaweza kuwa zinasema jambo lilelile.

Kuna mawingu pia, na Desemba Singida ni wakati wa mvua, kwa hiyo hamtayakwepa. Kadirieni sehemu ya anga mnayoitazama iliyofunikwa. Ikiwa sehemu moja ya tano imezibwa, idadi huzidishwa kwa 1.25. Zaidi ya hapo pumzikeni, kwa sababu makadirio yanakuwa ya kubahatisha.

Jambo la pili kwa uzito ni dakika. Umesema kila mtu alikuwa na daftari na tochi. Kuwasha tochi, kuandika na kuzima huchukua kama sekunde kumi. Aliyeandika 65 alitumia takriban dakika 11 za saa ile akitazama karatasi. Ubaya wake ni kwamba anayeona vingi ndiye anayepoteza muda mwingi, na vimondo vinapokuja kwa mfululizo, kile cha pili na cha tatu vinapita juu ya kichwa kilichoinama. Zaidi ya hayo, jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza barabara, na mwanga mweupe unalirudisha nyuma kwa sekunde moja. Dawa ni kuandika bila kuondoa macho angani, na njia iliyo bora leo ni kinasa sauti cha simu.

Inavyofanyika: weka simu kwenye hali ya ndegeni, washa kinasa sauti ukiwa bado ndani, geuza kioo kifuani chini ya shuka, na usiiguse tena mpaka saa iishe. Mwanzoni taja jina lako, mahali, tarehe na saa kamili kama inavyoonyeshwa na simu. Baada ya hapo unasema kwa ufupi tu. Rekodi iliyo nzuri inasikika hivi:

"Saa nane kamili, naanza. … Jemini, mbili. … Jemini, nne. … Huru, tatu, kasi sana. … Nafuta miwani. … Nimerudi. … Jemini, sifuri, imeacha mkia sekunde mbili. … Pembetatu ya Mapacha, nyota tisa. … Nimerudi."

Neno la kwanza linasema kimondo kimetoka kwenye mvua ipi, au kama ni huru, yaani hakimo kwenye mvua yoyote. Namba ni magnitudi. Kesho yake unaposikiliza, kaunta ya faili inakupa muda wa kila kimondo, kwa mfano dakika 7 na sekunde 40 tangu saa nane kamili. Na ule muda kati ya "nafuta miwani" na "nimerudi" unaukata. Ukikata hivi vyote unabaki na muda halisi wa kutazama, ambao katika saa moja unaweza kuwa dakika 57, na huo ndio unaoingia kwenye hesabu. Kunywa chai, kuvaa sweta, kwenda haja, kuhesabu nyota, vyote vitangazwe vinapoanza na vinapoisha.

Najua shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Basi tumieni karatasi, lakini gizani. Kila mmoja awe na ubao mgumu na karatasi chache, aandike kwa penseli, maana peni ya wino hugoma mtu akiwa amelala chali. Herufi ziwe kubwa, kimondo kimoja mstari mmoja, kidole gumba cha mkono mwingine kikishuka kidogo kila mara ili mistari isipandane. Watazamaji wa zamani walitumia roli ya karatasi ya mashine za risiti, wakiivuta kila baada ya kuandika, na bado ni mbinu nzuri. Njia nyingine ni kuwa na karani: mmoja anakaa na mgongo kwa wenzake, ana saa na taa hafifu iliyofunikwa karatasi nyekundu ya kung'aa, naye hahesabu chochote usiku huo. Mtu akiona anataja jina lake na kimondo. Wengine waliokiona chenyewe, kwa macho yao, wanasema "nami" na magnitudi waliyoipa, na ambaye hakukiona ananyamaza. Waambie wanafunzi wazi kwamba kunyamaza hapo si kushindwa. Kumpata karani mwaminifu kuna faida kuliko kuwa na mtazamaji wa tano.

Kisha gawanyeni usiku katika vipande vya robo saa wakati wa kilele, au saa nzima siku zenye vimondo vichache. Msiandike jumla ya usiku tu. Pale Singida chimbuko la Jeminidi huchomoza karibu saa tatu usiku. Saa tano linakuwa kama nyuzi 26 tu, na linafika kimo cha juu kabisa karibu saa nane na dakika 40. Kwa sababu hiyo peke yake, hata kama mvua yenyewe haikubadilika hata kidogo, mtu anayetazama tangu saa tano ataona idadi ikikaribia mara mbili. Aliyeandika jumla ya usiku mzima ameyachanganya mambo mawili ambayo hayatenganishiki tena.

Saa. Hapa sisi tunaotumia saa za Kiswahili tuna mtego wetu, na nimeuona ukiharibu rekodi zilizokuwa safi kabisa katika mengine yote. Rekodi za vimondo duniani huandikwa kwa saa ya dunia, UT, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Saa nane usiku yenu ni 02:00 kwenye simu, na ni 23:00 UT ya tarehe iliyotangulia. Njia ya haraka kwa saa za usiku ni kuongeza 15 kwenye saa ya Kiswahili, na ikizidi 24 unatoa 24: saa nane inakuwa 23, saa kumi inakuwa 25, yaani 01:00. (Msomaji aliyeko Goma, Bukavu, Bujumbura au Kigali aongeze 16.) Angalieni kwamba kwa Tanzania, Kenya na Uganda tarehe ya UT hubadilika saa tisa usiku, katikati ya kazi yenu. Ndiyo maana tarehe iandikwe kwa pande zote mbili, "13/14 Desemba", kamwe si "usiku wa tarehe 14", kwa sababu nusu ya watu wataelewa usiku wa kuamkia tarehe 14 na nusu wataelewa unaoanza jioni yake. Uwanjani semeni saa mliyoizoea. Kugeuza kufanyike mezani, na mtu wa pili akague.

Kuhusu magnitudi za vimondo, wanafunzi watalalamika kwamba kitu kilichodumu nusu sekunde hakipimiki. Kinapimika, kwa kulinganisha. Kabla ya kuanza, kila mtu azikariri nyota chache zilizopo. Usiku wa Jeminidi mna bahati ya kuwa na ngazi nzima angani: Sirius ni -1.5, Suheli kule kusini ni -0.7, Rigel karibu 0, Pollux karibu 1, na Castor iliyo pembeni yake 1.6. Katika nyota tatu za mkanda wa Orion, ile ya katikati ni 1.7 na moja ya pembeni, Mintaka, ni 2.2. Angavu zaidi kwenye Kilimia ni 2.9, na nyingine zinazoonekana kirahisi humo ziko kati ya 3.6 na 4.3. Kimondo kikipita, jiulize kilikuwa sawa na ipi, kisha taja namba nzima. Wanaoanza karibu wote hukipa kimondo mwangaza kuliko kilivyostahili, kwa sababu kitu kinachokwenda mbio hushtua. Hilo hurekebika lenyewe kwa mazoezi. Nisichokubali ni kuacha magnitudi kabisa, kwani orodha ya magnitudi ndiyo inayomwezesha mchambuzi kupima ile 2.6 yenyewe. Pia hutumika kuwakagua nyinyi: mtu anayedai ukomo wa 6.5 lakini hana kimondo hata kimoja cha 4 au 5, ukomo wake una walakini.

Kutambua kimondo ni cha mvua gani ni ujuzi unaokuja polepole. Chora kwa mawazo mstari wa njia yake kurudi nyuma: ukifika karibu na Castor, ni mgombea wa Jeminidi. Lakini mwelekeo peke yake hautoshi. Angalia na urefu: kadiri kimondo kinavyoanzia karibu na chimbuko ndivyo njia yake inavyopaswa kuwa fupi, na kwa kanuni ya mkono urefu wa njia usizidi nusu ya umbali kutoka chimbuko hadi pale kilipoanzia. Halafu mwendo. Jeminidi huingia angahewa kwa kilomita 35 kwa sekunde, mwendo wa kati, unaoweza kuufuata kwa jicho. Mchirizi wa ghafla kama wembe unaopita karibu na Mapacha huenda ni huru, au ni wa mvua nyingine ndogo ya Desemba. Ukiwa na shaka sema "huru". Wala msitazame chimbuko lenyewe. Lengeni sehemu iliyo nyuzi 20 hadi 40 kutoka hapo na juu ya nyuzi 50 angani, na mwandike mlielekea wapi.

Elimu hii ya chimbuko yenyewe ilijengwa kwa sehemu kubwa na watu wa kawaida walioandika walichokiona. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Novemba 1833, vimondo vya Leonidi vilimiminika Amerika Kaskazini kwa wingi uliowatoa watu vitandani. Denison Olmsted, mwalimu wa chuo cha Yale, aliomba kupitia magazeti kila aliyeona amwandikie. Barua hizo, pamoja na alichokiona mwenyewe, zilimwezesha kuonyesha kwamba vimondo vile vilitawanyika kutoka sehemu moja ndani ya kundinyota la Simba, na kwamba chanzo chake kiko nje ya angahewa. Zilizomfaa zilikuwa barua zilizotaja saa na mahali pa angani.

Kikipita kimondo kikali mno, kinachoangaza ardhi, taratibu zinabadilika. Msikimbie. Kila mtu abaki alipokuwa amelala na ataje kilikoanzia na kilikoishia kwa kulinganisha na nyota, mti au paa, sekunde kilizodumu, rangi, na kama kilipasuka. Ngumi iliyonyooshwa mbele ya uso ni takriban nyuzi kumi, inatosha kupima kimo. Kinasa sauti kiendelee kwa dakika kadhaa, maana mlio kutoka kilomita 30 juu huchukua kama dakika moja na nusu kufika. Tarehe 14 Agosti 1992, saa tisa na dakika 40 alasiri, mawe ya kimondo yalimwagika Mbale, Uganda, na kijana mmoja akagongwa kichwani na kipande cha gramu chache kilichokwisha kupunguzwa kasi na majani ya mgomba. Wachunguzi waliofika baadaye walipita kwa wakazi wakiuliza kipi kilianguka wapi, wakaandika mahali palipoanguka vipande 48, na kutokana na mpangilio huo ndipo walipokadiria jiwe kubwa lilivyopasuka angani. Mkazi aliyeweza kusimama palepale na kuonyesha kwa mkono alisaidia kuliko aliyesimulia vizuri.

Nikirudi kwenu, nisingengoja Desemba. Mvua ya vimondo ambayo rekodi zenu zina faida kubwa zaidi ni Eta Akwaridi, inayofika kilele karibu tarehe 6 Mei. Inatokana na mabaki ya nyota-mkia ya Halley na chimbuko lake liko kwenye kundinyota la Ndoo, karibu na ikweta ya anga. Ulaya, waliko watazamaji wengi, chimbuko hilo linachomoza alfajiri inapokaribia na mwanga unalimeza mara. Kwenu linachomoza kama saa nane na robo usiku, na hadi kupambazuka kunapoanza, karibu saa kumi na moja na nusu, limefika nusu ya njia ya kwenda utosini. Kwa longitudo zetu, bila rekodi za Afrika saa hizo hubaki tupu. Mvua za msimu kwa kawaida zimeshakatika Singida, anga linaoshwa, ila baridi ipo, nendeni na mablanketi. Vimondo vyake huenda kilomita 66 kwa sekunde na huacha mikia mara kwa mara, kwa hiyo andikeni na mikia. Mkishazoea, mwisho wa Julai mjaribu Delta Akwaridi za Kusini, ambazo chimbuko lake huwa karibu utosini kwenu saa tisa kasorobo usiku. Rekodi mnaweza kuzituma IMO kupitia fomu yao ya watazamaji wa macho, kila mtazamaji kwa jina lake. Tumeni na saa ambazo mliona vimondo vinne tu. Saa hizo watu huzificha kwa aibu, na mchambuzi anayepokea saa nzuri tupu atadhani mvua ilikuwa kubwa kuliko ilivyokuwa.

Madaftari ya Desemba msiyatupe, wala msiyatume. Kishawishi kitakachokuja ni kukaa pamoja na kukumbuka: "nadhani nyota zilionekana vizuri, tuandike 6.0." Msifanye hivyo. Ukomo uliojazwa miezi baadaye utachaguliwa, hata bila kukusudia, ili namba zikubaliane, na mfano wangu wa 132 hapo juu utawasukuma hukohuko. Andikeni kwenye jalada "ukomo haukupimwa, muda halisi haujulikani", mhifadhi. Yana kazi moja bado: Desemba ijayo, wanafunzi haohao wakilala uwanja huohuo na kuhesabu nyota kila nusu saa, mtajua macho ya kila mmoja yanatofautiana na ya mwenzake kwa kiasi gani, na hapo mwanafunzi wako atajibiwa kwa namba kama 40 na 65 zilitokana na macho, na tochi, au na vyote viwili.